Kete Zilizokaangwa

Kila alasiri Sindano alirudi kutoka shuleni, akamsalimia mama yake aliyekuwa ameinamia cherehani barazani, akaokota vifungo vilivyoviringika chini ya meza, kisha akaingia chumba cha nyuma kumsaidia baba yake. Jina la Sindano alipewa na mama yake, na watu walikubali kwamba limemkaa: alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Kazi zake karakanani zilikuwa kufagia, kushika tochi, na kutenganisha spika nzima na spika zilizokufa. Zilizokufa zilikuwa nyingi kuliko nzima.

Baba alikuwa fundi redio, na fundi mzuri, lakini siku hizo watu walisikilizia redio kwenye simu. Wateja walipungua mpaka benchi la kusubiria likawa kitanda cha paka. Zaidi ya mara moja Sindano alimsikia akimwambia Mama kwamba hali ikiendelea hivyo atafunga karakana, akatafute kibarua mji mwingine, awe anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Tumaini lililetwa na shangazi, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa mhudumu wa mabasi ya masafa marefu, mwanamke wa sauti kubwa aliyezoea kuongea juu ya muungurumo wa injini, na hata akiwa sebuleni kwa watu hakujua kuipunguza.

"Mdogo wangu, watoto wanatutoa roho humo ndani," alisema siku moja akipuliza chai yake. "Kwanza wanaimba. Kisha wanagombana. Kisha wanatapika. Mama Ratiba anasema angepata michezo midogo, ya kuchezea mapajani, angeiweka kwenye mabasi yote."

Mama Ratiba ndiye aliyekuwa meneja wa kampuni. Ofisi yake ilikuwa kwenye stendi ya mji alikoishi bibi yake Sindano, mwisho wa safari, na hakuna basi lililoingia wala kutoka bila yeye kutazama saa.

Baba aliiweka chini bisibisi aliyokuwa ameishika. Alitazama lile rundo la spika zilizokufa, akatazama kopo tupu la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshafunga sumaku za spika ndani ya gunia na kuzigonga kwa nyundo, akatoa vipande vidogo na kuvipiga tupa mpaka vikawa laini. Mama akamtolea vifungo vya makoti, vyeusi na vyeupe. Baba akabandika kipande cha sumaku chini ya kila kifungo, akakiweka juu ya mfuniko wa kopo. Kikanata. Akautikisa mfuniko kama mtu anayepepeta mchele, na kifungo hakikusogea.

"Sasa wewe ndiye mtoto," alimwambia Sindano. "Mimi nina magoti ya kizee, sijui mnavyokaa kwenye kiti cha basi. Tuchore mchezo gani?"

Sindano aliichukulia kazi hiyo kwa uzito. Alipanga viti viwili, akaketi na mfuniko mapajani, akamwomba Mama awe barabara mbovu. Mama akavitikisa viti huku akicheka. Karata hazikufika popote. Upepo wa dirishani ulizichukua. Nyoka na ngazi ilikuwa na miraba midogo mno, kifungo kimoja kilikaa juu ya nyoka na ngazi kwa pamoja, na mtu asijue kama anapanda au anamezwa. Ludo iliharibiwa na dadu iliyorukia chini ya kabati, wakaisaka kwa ufagio. Baba akaitia dadu ndani ya kichupa cha dawa kinachoonyesha ndani, akakifunga kizibo, ili mtu atikise kichupa badala ya kurusha.

"Ludo inafaa," Baba alisema. "Wanne wanacheza pamoja, na hata mdogo asiyejua kufikiri mbali anaweza."

Sindano alijua kwamba Baba amesema kweli. Lakini ludo ni mchezo wa bahati, na jambo alilokuwa nalo moyoni halikutaka kuachiwa bahati.

"Drafti, Baba," alisema. "Haina dadu. Hakuna cha kupotea."

"Drafti ni ya wawili tu."

"Na kiti cha basi ni cha wawili."

Baba akacheka, akasema mtoto huyu angefaa kuwa wakili. Akachora drafti. "Likizo wewe na binamu yako mtakwenda nayo kwa bibi yenu," alisema. "Mkiicheza njia nzima na ikafika salama, shangazi yako ataipeleka ofisini. Mama Ratiba akiipenda, nitatengeneza za mabasi yote, na sitakwenda popote."

Sindano aliitikia. Lakini kichwani mwake hakukuwa na Mama Ratiba. Kulikuwa na Bisibisi.

Bisibisi alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi, rika lake. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikabaki kimefungwa: saa, kufuli, tochi, hata mswaki. Likizo ya mwaka uliopita walikaa kiti kimoja kwenda kwa bibi, wakacheza drafti juu ya boksi kwa vifuniko vya soda. Kabla ya kuanza, Bisibisi alitangaza sheria: kete iliyoanguka imekufa. Sindano akakubali. Kisha kila basi lilipopita kwenye shimo, na hata lilipopita kwenye lami safi, goti la Bisibisi liliruka na kuligonga boksi upande wa Sindano. Vifuniko vyake vilimwagika. Alifungwa mchezo wa kwanza, akafungwa wa pili, akafungwa njia nzima.

"Sufuri," Bisibisi alimtangaza, akasimama kitini ili abiria wote wasikie. "Huyu hapa anaitwa Sufuri."

Abiria walicheka, watu wazima wenye akili zao. Sindano alilia, na kulia kwake kukawachekesha zaidi. Kwa bibi, binamu wote walimwita Sufuri likizo nzima. Hata aliporudi nyumbani jina halikumwacha, kwa sababu kila shangazi alipopiga simu, nyuma yake ilisikika sauti: "Nisalimieni Sufuri." Mama alidhani ni utani wa watoto. Sindano hakumwambia mtu yeyote kuhusu lile goti. Alilifunga moyoni mwaka mzima, na kila alipolikumbuka lilikuwa la moto vile vile.

Hivyo, jioni ya mwisho kabla ya safari, Baba alipokwenda kumpelekea mteja redio yake na Mama alipomaliza kupika, Sindano alikaa peke yake mbele ya jiko la mkaa. Alikuwa na wembe, koleo na kete zote nyeusi. Alijua kitu ambacho watoto wengi hawakijui. Siku moja aliwahi kuangusha kipande cha sumaku ndani ya makaa, na Baba alipokitoa alimwonyesha jinsi kilivyokataa kunata hata kwenye msumari. "Umeiua," Baba alimwambia. "Sumaku ikiiva motoni basi tena. Na kwa macho huwezi kuijua, iko vile vile."

Akavibandua vile vipande kwa wembe, kimoja kimoja, akavipanga juu ya makaa. Aliviangalia vikigeuka vyekundu na akasikia raha ambayo hakuionea haya hata kidogo. Vilipopoa akavifuta majivu na kuvibandika tena kwa gundi ya Baba. Alifikiria pia habari ya Mama Ratiba, asije mtu akasema hakufikiria. Aliona hakuna shida. Ofisini mchezo utawekwa mezani, na ofisi haina mashimo.

Asubuhi walipopanda basi, Bisibisi alikuwa ameshakaa dirishani. "Karibu, Sufuri," alisema. "Umerefuka. Akili je?"

Sindano alimsalimia shangazi kwanza. "Shikamoo, shangazi." Kisha akaketi, akautoa mfuniko, na kwa sauti tamu kuliko yake ya kawaida akasema, "Mwaka jana ulishinda kwa nyeusi. Chukua nyeusi zako."

"Wewe mwenyewe unataka," alisema Bisibisi. Alizipanga. Akainua kete moja nyeupe, akaishusha, akainua nyeusi. "Mbona zako zinanata kuliko zangu?"

"Ni mkono wako. Una jasho."

Basi lilitoka stendi. Kwa muda barabara ilikuwa nzuri na Bisibisi alicheza vizuri, maana drafti aliijua. Kisha likaja tuta la kwanza. Kete zake nne ziliteleza, zikamwagikia mapajani mwake. Za Sindano zilikaa kama zimepigiwa misumari.

"Zimekufa," alisema Sindano.

"Nani kasema?"

"Kete iliyoanguka imekufa. Ni sheria yako. Uliitoa hapa hapa."

Sheria ilikuwa yake kweli, na basi zima lilimsikia akiitangaza mwaka jana. Bisibisi akazitoa kete pembeni. Tuta la pili likabeba nyingine. Alijaribu kuzishikilia kwa vidole, Sindano akamwambia aondoe mkono, mchezo hauchezwi kwa kukumbatiwa. Alijaribu kuutuliza mfuniko kwa goti lake, lile lile la mwaka jana. Sindano akalisukuma kwa kiwiko. "Goti lako nalijua," alisema.

Alimfunga mchezo wa kwanza. Alimfunga uliofuata, na mwingine, na kila alipomfunga aliomba warudie, kwa adabu sana. Abiria mmoja mwenye kofia, aliyekaa nyuma yao, alisogeza kichwa kutazama. "Kijana, leo umepatikana," alisema, na wenzake wakacheka. Bisibisi akainamisha uso. Hapo Sindano akasimama kitini, akalitoa lile jina alilobebeshwa mwaka mzima na kumvisha mwenyewe.

"Mabibi na mabwana, huyu ndiye Sufuri. Mimi nilikuwa namtunzia tu jina lake."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kilikuwa kitamu. Sindano aliketi akitetemeka kwa furaha, akamtazama binamu yake akigeukia dirishani ili asionekane uso. Alitaka machozi. Yalikuwa karibu, aliyaona yakikusanyika, na angeyapata kama basi halingesimama watu wakale.

Sindano alishuka na shangazi kunawa mikono. Bisibisi alibaki. Alisema hana njaa, neno ambalo kwake lilikuwa geni. Walipomaliza kula na kurudi, shangazi akitangulia, walimkuta ameinama, ameshika ufunguo wa nyumbani, na mkononi ana kifungo cheusi kilichobanduliwa sumaku yake. Alikuwa akiigusisha kwenye chuma cha kiti na kuiachia. Kila alipoiachia, ilianguka.

"Mama, hii imekufa," alisema. "Nadhani zote nyeusi zimekufa."

Shangazi hakusikia maneno hayo. Aliona ufunguo, akaona kete iliyopasuliwa, akamwona mwanawe. "Na hiki pia?" alisema. "Kazi ya mjomba wako? Kitu nilichokwambia kwamba riziki yake iko humo? Huwezi kuacha kitu kimoja duniani kikiwa kimefungwa?"

"Nimefungua hii moja tu, nione kwa nini..."

"Nyamaza."

"Mama, naapa. Zilikuwa zinaanguka tangu asubuhi. Muulize Sindano."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kumwita kwa jina lake. Shangazi alimgeukia Sindano. Sindano aliinua mabega.

"Mimi nilimpa zikiwa nzima," alisema.

Shangazi akauchukua mfuniko na kete zote, akazitia mkobani. Bisibisi hakubishana tena. Aliegemea dirisha, na safari hii alilia kweli, bila sauti. Sindano alipata alichokuwa akikitafuta, na zaidi ya alichokitafuta, kwa maana hakuwa amepanga mama mtu naye amgeuke mwanawe. Alijiambia kwamba anastahili. Alijiambia hivyo mara kadhaa mpaka wakafika.

Ofisi ya Mama Ratiba ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mabasi. Ukutani kulikuwa na saa mbili, moja ikiwa ya akiba. Mwenyewe alikuwa mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na alimaliza simu aliyokuwa akiongea ndipo akawatazama.

"Shikamoo," watoto walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Ndicho hicho?" Aliupokea mfuniko, akazipanga kete zote isipokuwa ile iliyobanduliwa. Sindano alitumaini meza isiyo na mashimo itamwokoa. Mama Ratiba akaupenda ukubwa wake. Akasema unaingia mfuko wa kiti bila taabu. Kisha, bila kuonya mtu, akauinua na kuugeuza juu chini.

Kete nyeupe zilibaki zimening'inia kama popo. Nyeusi zote zilimwagika mezani, nyingine zikaviringika mpaka chini ya kabati.

"Mbona hivi?" aliuliza.

"Ni huyu wangu, mama," alisema shangazi, na sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Anafungua kila kitu. Nimemkamata nayo mkononi. Ameziharibu njiani."

Mama Ratiba alimtazama Bisibisi, ambaye hakuinua kichwa. "Nyeusi zote hizi, mtoto mmoja, safari moja," alisema. "Na mabasi yangu yana watoto wangapi? Hapana. Mwambie fundi amejitahidi, lakini kitu kinachoharibika kirahisi hivi hakinifai."

Akausukuma mfuniko kurudi upande wa shangazi.

Ndipo Sindano akaona alichokifanya. Alikuwa amelenga mtu mmoja mwaka mzima, na sasa aliyeanguka ni mwingine. Aliiona karakana imefungwa kufuli. Alimwona Mama akikanyaga cherehani, na Baba na begi lake mlangoni, akiaga.

"Labda ni jua, mama," alisema haraka. "Dirishani kulikuwa na jua kali."

"Mabasi yangu yote yana madirisha," Mama Ratiba alijibu, "na jua bado sijapata wa kulizima. Kama jua linaziua, ndiyo kabisa sizitaki."

"Basi labda zile sumaku za nyeusi zilitoka kwenye spika mbovu."

"Hapo tatizo ni fundi."

Shangazi alimshika bega. "Wewe, nyamaza. Kila ukisema unamzika baba yako."

Ilikuwa kweli. Kila uongo alioushika ulimrudia Baba. Akilaumiwa Bisibisi, kazi ya Baba ni dhaifu. Likilaumiwa jua, ni dhaifu zaidi. Ikilaumiwa sumaku, Baba si fundi. Lilibaki neno moja tu ambalo lingemwacha Baba salama, na lilikuwa ni lile ambalo lingemfurahisha Bisibisi. Sindano alilichukia. Alilichukia hata pale alipolitoa.

"Nilizikaanga," alisema.

"Ulifanya nini?"

"Nilizikaanga, shangazi. Nyeusi. Nilizibandua kwa wembe, nikaziweka kwenye makaa jikoni, nikazibandika tena. Sumaku ikiiva inakufa. Baba hajui. Bisibisi hakuzigusa, hiyo moja aliibandua ili ajue kwa nini zinaanguka."

Nje basi moja lilipiga honi na hakuna aliyegeuka. Bisibisi alikuwa ameinua kichwa.

"Kwa nini?" aliuliza Mama Ratiba.

"Nilitaka alie mbele ya watu. Kama nilivyolia mimi."

Mama Ratiba alivaa miwani yake, kana kwamba mtoto huyu alihitaji kusomwa kwa karibu. Kisha akakishika kifungo kimoja cheupe, akajaribu kukiteleza kwa kidole, akajaribu kukigonga, akaupa mfuniko kofi. Hakikutoka.

"Yaani kinachoziua ni jiko la mkaa," alisema. "Abiria wangu wana mizigo ya ajabu, lakini jiko lililowashwa sijamwona nalo mtu. Na niambie jambo jingine. Kwa nini drafti? Watoto wanapanda watatu, wanne. Hamkufikiria mchezo wa wengi?"

"Baba alitaka ludo. Alitia dadu kwenye kichupa ili isipotee." Sindano aliutazama mfuniko. "Mimi ndiye niliyechagua drafti, kwa sababu nilitaka tuwe wawili tu."

"Basi baba yako anajua abiria wangu kuliko wewe. Na habari hizi utampa mwenyewe, sasa hivi, mbele yangu."

Shangazi alipiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya wote. Iliita kidogo tu, kama mtu alikuwa ameishika mkononi.

"Haloo, dada," ilisema sauti ya Baba. "Vipi? Ameipenda?"

Sindano alitamani ofisi ile immeze. "Baba, ni mimi," alisema, na akaeleza. Hakupunguza. Alieleza makaa, alieleza goti la mwaka jana, alieleza jina la Sufuri na jinsi alivyoinua mabega shangazi alipomuuliza. Baba hakumkatiza. Alipomaliza, ilisikika cherehani ya Mama kwa mbali, halafu nayo ikanyamaza.

"Mwaka jana alipokufanyia hivyo, uliniambia?" Baba aliuliza hatimaye.

"Hapana, Baba."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Ungesema, ningempigia shangazi yako siku ile ile. Ningemwita Bisibisi, ningewasikiliza wote wawili, na yangekwisha. Hasira ulikuwa na haki nayo, mwanangu, sikulaumu kwa hiyo. Lakini uliificha mpaka ikakuoza, na ulipoitoa ulitumia mambo niliyokufundisha mimi, kwenye kazi niliyokukabidhi mimi." Akapumua. "Mpe simu binamu yako."

Bisibisi alisogea mezani. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Bisibisi alimtazama mama yake.

"Kazi mbovu imetoka nyumbani kwangu ikakufanya usingiziwe mbele ya watu," Baba aliendelea. "Mimi ni fundi, nilipaswa kuikagua kabla haijatoka mlangoni. Nisamehe sana."

Sindano alifunika uso. Angeweza kuvumilia kuchapwa, na angeweza kuvumilia kucheka kwa Bisibisi, alikuwa amejiandaa kwa vyote viwili. Hakuwa amejiandaa kumsikia baba yake akimwomba mtoto msamaha, taratibu, kwa heshima kamili, kama anavyomwambia mteja aliyerudisha redio. Alilia mpaka akashindwa kuvuta pumzi.

"Mjomba, usiniombe," alisema Bisibisi, na sauti yake nayo ikavunjika. "Mwaka jana nilitikisa boksi kwa goti. Kila mara. Nilimwonea."

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Yeye alikuwa ndani ya basi lile mwaka jana, na alikuwa amecheka pamoja na abiria.

Mama Ratiba aliivuta simu upande wake. "Fundi, meneja hapa. Hizi nyeupe zimenishinda kuzing'oa, na sijui kukata tamaa. Nitengenezee ludo na drafti, za mabasi mawili kwanza. Watoto wangu wakishindwa kuziua, tutaongea ya mabasi yaliyobaki." Baba alishukuru, akashukuru tena, na katikati ya shukrani ya tatu Mama Ratiba akatazama saa na kukata simu.

Shangazi aliwapeleka watoto wote wawili kwenye benchi nje ya ofisi, akakaa katikati yao.

"Bado nina hasira na yeye," alisema Sindano, akivuta kamasi.

"Na mimi nina hasira na yeye," alisema Bisibisi.

"Vizuri," alisema shangazi. "Sasa mnisikilize. Aliyekukosea mwambie yeye mwenyewe, usoni, na akikataa kusikia mwite mtu mzima asikie kwa niaba yake. Ukimfichia ili umlipe siku yako, huwezi kujua malipo yatamwangukia nani. Leo yamemwangukia mtu aliyekuwa amekaa nyumbani akisubiri simu. Na mimi niliyecheka mwaka jana bila kuuliza, nimo kwenye makosa haya, nitawaomba msamaha kabla hatujafika kwa bibi." Aliuweka mkoba wake chini, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. "Haya. Semeni yote. Anayesema asikatizwe. Sindano, wewe ndiye uliyetangulia kuumizwa, anza."

Sindano alifuta uso kwa kiganja. Akamgeukia binamu yake, akamtazama machoni, akaanza kumwambia.